Mgonjwa Haulizwi Uji

Kwetu Asumbi, katika Kaunti ya Homa Bay, ukiugua ukalala, huulizwi utakula nini. Unasikia kuni zikivunjwa nyuma ya jiko, unasikia mwiko ukigonga sufuria, kisha kikombe cha nyuka, uji wetu wa wimbi na mtama, kinaletwa hadi mkononi mwako. Ukisema huna hamu, anayekuuguza anakaa papo hapo ukingoni mwa kitanda, anakishika kikombe na kungoja. Mama alitulea hivyo sote. Methali ya Waswahili kwamba mgonjwa haulizwi uji aliisikia shuleni, kwa walimu wa misheni, na nadhani aliipokea kama mtu anayeambiwa jina la kitu ambacho tayari anacho nyumbani.

Ni methali nzuri. Inajua kwamba mtu aliyelemewa na homa hana nguvu ya kuchagua, na kwamba kumuuliza mara nyingi ni njia ya kukwepa kumpikia. Kwa miaka mingi sikuona ndani yake ila upendo. Kisha mama akaanza kukohoa.

Alikohoa miezi saba. Kilikuwa kikohozi kikavu, kisichotoa kitu, kilichomzidi usiku pindi alipolaza kichwa, kiasi kwamba alijizoesha kulala ameketi, mgongo umeegemea ukuta na mito miwili. Alikwenda kituo kimoja cha afya, akapewa dawa ya maji ya kikohozi. Akarudi, akapewa antibayotiki. Akarudi tena, akaambiwa alete makohozi yapimwe kifua kikuu. Hapo sina lawama. Mtu akikohoa zaidi ya wiki mbili katika kaunti hii asipimwe kifua kikuu, huo ndio uzembe. Ila hakuwa na makohozi ya kutoa. Alikaa nje chini ya mwembe na kikopo cha plastiki mkononi, akijikamua kifua, mwishowe akapeleka mate. Majibu yakaja safi. Akapimwa mara ya pili, safi vilevile. Akapewa dawa ya maji ya kikohozi.

Nilipofika nyumbani likizo ya Agosti nikaomba kuliona daftari lake.

Asiyetibiwa mashinani huenda asijue ninasema daftari gani. Katika vituo vingi vya afya nchini Kenya mgonjwa huja na daftari lake mwenyewe, lile la shule, la kurasa 32 au 48, lenye majedwali ya kuzidisha nyuma ya jalada. Daktari huandika humo, kisha mgonjwa hurudi nalo nyumbani. (Kwetu kila mwenye koti jeupe ni daktari, hata akiwa afisa tabibu, na kila muuguzi wa kike ni sista, sawa na watawa wa Mtakatifu Yosefu wa shirika lililozaliwa hapa hapa Asumbi.) Mama hulitia daftari lake ndani ya mfuko wa mkate, akaliweka chini ya godoro pamoja na kitambulisho. Halipotei, haliloi, halikunjwi masikio. Ni mali yake, limejaa habari za mwili wake, na hawezi kusoma hata mstari mmoja uliomo.

Nami nilihangaika. Mwandiko wa hospitali una alfabeti yake. Ukiona 3/7, hiyo si sehemu ya hesabu, ni siku tatu. 2/52 ni wiki mbili, 5/12 ni miezi mitano. Herufi TCA chini ya ukurasa, na tarehe mbele yake, ni siku ya kurudi. Na kila ziara inaanza na vijiherufi c na o vilivyotenganishwa na mkwaju, maana yake mgonjwa analalamikia jambo fulani. Nilikaa na daftari lile kando ya taa ya sola, nikasoma jinsi mama yangu, ambaye sijapata kumsikia akilalamika katika maisha yangu yote, alivyolalamika ukurasa baada ya ukurasa.

Mwezi wa pili: presha iko juu, dawa iliyokuwepo haitoshi, aongezewe enalapril. Mwezi wa tatu: kikohozi, 2/52. Mwezi wa tano: kikohozi, 2/12. Na kila mara, mwishoni, aendelee na dawa za presha kama kawaida.

Mimi si daktari, lakini rafiki yangu ni mfamasia, nami nilimpigia simu usiku ule ule. Hakuningoja nimalize. Kwamba enalapril na ndugu zake huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu, wanawake zaidi ya wanaume, ni jambo linalojulikana kwa waganga tangu miaka ya 1980. Limeandikwa katika ile karatasi nyembamba inayokunjwa ndani ya pakiti. Lakini pakiti haifiki kwetu. Dirishani vidonge huhesabiwa, vikatiwa katika kibahasha, juu yake ikaandikwa 1x1, na karatasi inabaki upande wa ndani wa dirisha.

Asubuhi nilimuuliza mama kikohozi kilianza lini. Alikuwa akichambua dek, mboga ya majani, na hakuinua macho.

"Kilianza na ile dawa ndogo ya presha. Niliimeza wiki moja na nusu hivi, nikaanza."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukuwaambia, mama?"

"Hawakuniuliza."

Akaendelea kuchambua mboga. Baadaye, kama mtu anayetaka kuwatendea haki wasiokuwepo, akaongeza: "Nao wamesoma, nyathina. Nilidhani wanajua."

Neno hilo moja, hawakuniuliza, nimelibeba tangu siku ile. Kwa miezi saba, jibu lilikuwa limeketi kwenye benchi ya foleni, likachukua namba, likaingia ndani, likapimwa presha na joto, likatoka na chupa ya dawa ya maji. Wote waliomhudumia walifanya kazi yao, hata kipimo cha kifua kikuu kilikuwa sahihi. Kitu kilichokosekana kiliweza kusemwa kwa pumzi moja, na aliyekuwa nacho alifunzwa tangu utoto kwamba mgonjwa haulizwi, na asiyeulizwa hasemi.

Tena kuna salamu. Hili wageni hawalioni. Mama anapoingia katika chumba cha daktari, daktari mwenye adabu anamsalimu: "Idhi nade, mama?" Naye anajibu: "Adhi maber." Hujambo, sijambo. Huwezi kuijibu salamu kwa ugonjwa. Ni kama kumwaga maji machafu mlangoni mwa mtu. Salamu ina haki yake, ugonjwa hungoja zamu yake, na zamu hiyo hufunguliwa na yule mkubwa anayesema: haya, nieleze sasa. Daktari mwenye watu 60 nje hana muda wa mlango wa pili. Anasikia "maber", anainama, anaandika.

Na hata mlango wa pili ukifunguliwa, kuna suala la lugha. Asumbi iko Rangwe, Homa Bay, karibu na mpaka wa Gusii. Wagonjwa wengine huja kutoka upande wa Rongo, kule Migori. Wauguzi ni wa kila kabila, na hilo ni jema. Lakini maumivu ya mama yamo katika Dholuo, lugha yetu, swali linaulizwa kwa Kiswahili, na jibu linaandikwa kwa Kiingereza. Kila kivuko kina ushuru wake. Mama akisema "wiya bara", anasema kichwa kinampasuka, kinapasuliwa kama kuni; kikifika Kiswahili kinakuwa "kichwa kinauma"; kikifika daftarini kinakuwa herufi mbili au tatu. Akisema "chunya", anaweza kuwa anataja ini, moyo, au huzuni ya kufiwa na mwanawe. Sista mgeni afanyeje? Anachagua moja.

Sheria ya Afya ya Kenya, ya mwaka 2017, imeliona jambo hili. Kifungu chake cha 8 kinamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, njia za matibabu zilizopo, manufaa yake, hatari zake na gharama zake, pamoja na haki yake ya kukataa, na inapowezekana amweleze kwa lugha anayoielewa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha kusoma. Kabla yake, mwaka 2013, Wizara ya Afya ilitoa Mkataba wa Haki za Wagonjwa, unaompa mgonjwa hata haki ya kutafuta maoni ya daktari wa pili. Mkataba huo pia unamwekea mgonjwa wajibu wa kutoa habari kamili na za kweli kuhusu afya yake. Niliposoma hapo nilimfikiria mama na kikopo chake chini ya mwembe. Habari kamili na za kweli alikuwa nazo.

Basi tulirudi kituoni, mara hii nikiwa naye. Nitasimulia nilivyofanya, kwa sababu ndiyo sababu hasa ya kuandika haya.

Nilizungumza mimi. Tulipoingia, daktari, kijana mpole mwenye macho ya mtu asiyelala, alimsalimu mama kisha akanigeukia: "Mgonjwa anasumbuliwa na nini?" Nikamwambia. Nilikuwa nimejiandaa, daftari nimelifungua kwenye ukurasa wa mwezi wa pili, kidole kiko kwenye jina la dawa. Nilieleza kwa mpangilio, kwa Kiswahili fasaha na Kiingereza kidogo pale palipohitaji. Alisikiliza, akatazama tarehe, akakubali bila kujitetea. Akamwondolea enalapril, akamwandikia losartan. Akaniuliza kama analala vizuri. Nikajibu. Akaniuliza kama miguu inavimba. Nikamtazama mama miguuni, nikajibu. Akaniuliza kama anapata haja sawasawa, nikasema nadhani ndiyo.

Baada ya wiki tatu kikohozi kilikuwa kimekwisha. Mama alilala chali kwa mara ya kwanza tangu kwaresima. Mimi nilijiona nimeshinda.

Lakini siku ile ya kituoni, tulipokuwa tukirudi kwa miguu kando ya ukuta wa shule ya wasichana, mama alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema: "Umesema vizuri. Na mengine uliyosema si yangu."

Sikumwelewa mara moja. Alisema miguu yake huvimba jioni, si asubuhi, nami nilikuwa nimesema haivimbi. Alisema halali vizuri, na si kwa ajili ya kikohozi peke yake. La haja hakulitaja. Hakuwa amekasirika. Alisema kama mtu anayerekebisha bei sokoni baada ya mteja kuondoka.

Tangu hapo nimekuwa nikitazama foleni za hospitali kwa jicho jingine. Mzee analetwa na kijana wake aliyetoka Nairobi, kijana anaulizwa. Msichana wa miaka 17 analetwa na shangazi, shangazi anaulizwa. Mke analetwa na mume, na mume, aliyelipa nauli ya boda, anaeleza maumivu ya tumbo ambalo si lake. Mwenye pesa na lugha ndiye mwenye mdomo. Tunafanya hivyo kwa mapenzi, huku tumeushika ule uji mkononi. Nimewahi kudhani kwamba aliyemnyang'anya mama yangu sauti ni mfumo, koti jeupe, Kiingereza cha daftarini. Vyote hivyo vimo. Lakini wa kwanza kumzoesha kutoulizwa tulikuwa sisi wa nyumbani.

Na isitoshe, eneo hili lina historia inayopaswa kutufunza kinyume chake. Nilikuwa kijana wakati Ukimwi ulipokuwa ukivuna watu Homa Bay. Uliitwa ayaki, jina lenye harufu ya uporaji, na wengi walioupata walisemwa kuwa wana chira, laana ya aliyevunja mwiko. Mgonjwa wa chira haulizwi kitu. Familia ndiyo inayokaa kikao kutafuta ni mwiko gani uliovunjwa. Watu walikufa wakiwa wamezungumziwa sana na hawajazungumza wenyewe. Mwaka 2001, katika hospitali ya Homa Bay, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilianza kutoa bure dawa za kupunguza makali ya virusi, wakati ambapo wengi duniani walikuwa bado wakisema Mwafrika wa kijijini hawezi kuzimeza kwa ratiba. Dawa zilikuja, lakini zilizoeneza dawa ni midomo. Walikuwa wagonjwa walioinuka katika makanisa na mikutano ya machifu wakasema mimi ninao, nilikuwa kilo 38, nitazameni. Baadaye akina mama wanaoishi na virusi wakawekwa kliniki kuwashauri wajawazito wenzao, na mjamzito akawa na mtu wa kumuuliza lile ambalo asingethubutu kumuuliza sista.

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta takriban mtu mzima mmoja kati ya watano katika Kaunti ya Homa Bay anaishi na virusi, asilimia 19.6, wakati wastani wa nchi ulikuwa 4.9. Kwa hiyo jambo lililotokea mwaka huo huo liliingia katika nyumba nyingi za huku, hata kama wengi hawakulisikia likitajwa redioni.

Mpaka wakati ule wagonjwa wengi walitumia dawa iliyochanganywa na efavirenz. Huokoa maisha, lakini baadhi ya watu huwaletea kizunguzungu na ndoto kali mno. Nimemsikia jirani akisimulia usiku wake: anaota anazikwa, anaamka, anaogopa kulala tena, na asubuhi analima. Dolutegravir ilipokuja, ikashuka tumboni kwa urahisi na kushusha virusi haraka. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza Afrika kuileta kwa bei nafuu, mwaka 2017. Kisha Mei 2018 ikaja habari kutoka Botswana: kati ya watoto 426 waliozaliwa na wanawake waliokuwa wakiitumia dawa hiyo wakati wa kutunga mimba, 4 walikuwa na kasoro ya ubongo au uti wa mgongo. Ilikuwa ishara ya hatari, na kuipuuza kungekuwa dhambi. Lakini nchi kadhaa, Kenya ikiwemo, ziliona njia fupi: wanawake wa umri wa kuzaa wasipewe. Warudi kwenye efavirenz. Mwanamke aliyefunga uzazi, mwanamke anayepanga uzazi kwa sindano, mtawa, mjane asiyetaka tena mtoto, wengi wao walichukuliwa kama tumbo tu.

Hawakuulizwa.

Julai 2018 wanawake 39 wanaoishi na virusi, kutoka nchi 18 za Afrika, walikutana Kigali. Hawakusema kwamba hatari haipo, na hilo ndilo linalonivutia zaidi. Waliziomba takwimu, wakazisoma, wakazijadili, kisha wakasema kwa kauli moja kwamba wao ndio wenye miili hii na wana akili ya kupima hatari hiyo dhidi ya hatari nyingine: tupeni habari zote, tupeni njia za kupanga uzazi, kisha tuachieni tuchague. Wakaipeleka kauli hiyo hadi kwenye mkutano wa kimataifa wa Ukimwi uliofanyika Amsterdam mwezi uo huo. Mwaka mmoja baadaye hesabu ya Botswana ilikuwa imeendelea, ikawa 5 kati ya 1,683, na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza dawa ile iwe ya kwanza kwa watu wote, wanawake wakiwemo. Lakini hata kama hesabu ingezidi kuwa mbaya, hoja ya wanawake wale ingebaki imesimama. Hawakudai dawa tu. Walidai kuulizwa.

Najua ni rahisi kuandika hivi nikiwa mezani. Kumwambia mgonjwa "sema" kunaweza kuwa ukatili kama aliyepo hasikii. Mwaka 2013 mwanamke mmoja alikwenda kujifungua katika hospitali ya serikali Bungoma. Aliita, hakuna aliyekuja. Akajikokota hadi chumba cha kuzalia, akakuta vitanda vimejaa, akaanguka, akajifungulia sakafuni, na wauguzi waliofika wakamtukana na kumpiga. Tunajua haya kwa sababu kuna aliyeyarekodi kwa simu. Machi 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma, chini ya Jaji Abida Ali-Aroni, iliamua kwamba haki zake zilivunjwa, ikaamuru alipwe shilingi milioni 2.5. Mwanamke yule hakukosa sauti. Alilia kwa sauti iliyosikika. Na kuna wengi kama yeye ambao hakuna simu iliyowaelekea.

Kwa hiyo siwezi kumtwika mama yangu mzigo wote. Wala siwezi kumtwika yule daktari kijana, aliyekuwa peke yake zamu nzima. Nimeketi na wauguzi wakanieleza jinsi swali moja la ziada kwa kila mgonjwa linavyokuwa saa nzima jioni, na kuna watu wa mwisho wa foleni watakaokosa gari la kurudi. Ninaamini hilo. Ninaamini pia kwamba swali "dawa mpya imekufanyaje?" ni fupi kuliko vipimo viwili vya makohozi.

Kuna mahali hapa hapa Asumbi ambapo uganga huanzia mdomoni. Ni kituo cha kuwatibu waraibu wa pombe na dawa za kulevya, kinachojulikana mbali kuliko kijiji chenyewe. Watu huletwa huko na jamaa zao kutoka kila pembe ya Kenya, wengine wakiwa wameshikwa mikono. Jamaa huwa na maelezo mengi: ameuza ng'ombe, amepoteza kazi, amempiga mama. Lakini maelezo ya jamaa hayamtibu mtu. Sharti mwenyewe aketi na wenzake, na siku moja, pengine baada ya majuma ya ubishi, aseme kwa mdomo wake mwenyewe anaumwa nini. Kwa miaka mingi nilipita kando ya kituo hicho nikikiona kama jambo la walevi. Sasa najiuliza kwa nini tumelipa neno la mgonjwa heshima hiyo pale tu ugonjwa unapoitwa aibu, na anayekohoa hatumpi hata dakika tano.

Desemba, kabla ya kliniki ya mama, nilimpendekezea jambo. Mpwa wangu wa darasa la saba ana mwandiko mzuri. Nikamwambia mama amwite, waligeuze daftari, na kwenye ukurasa wa mwisho kabisa, upande wa majedwali, mtoto amwandikie yale anayotaka kusema, kwa Dholuo, jinsi anavyoyasema. Daktari ameandika kutoka mbele. Yeye aandike kutoka nyuma.

Walikaa nje kwa muda mrefu, kibanda cha jikoni kikiwatilia kivuli. Nilisikia mama akisema, mtoto akirudia, mama akikataa: hapana, si hivyo, andika nilivyosema. Mara moja wote wawili walicheka. Mara nyingine sauti ikashuka, na mtoto akaandika akiwa ameinamisha kichwa karibu na karatasi.

Nilipoletewa daftari nikaona mistari miwili imeandikwa wazi. Wa kwanza ulihusu miguu: inavimba jioni, hasa siku za soko anaposimama. Wa pili uliuliza kama dawa mpya nayo ina tabia ya kujificha kama ile ya kwanza, na dalili zake ni zipi. Chini yake palikuwa na mstari wa tatu, lakini kona ya ukurasa ilikuwa imekunjwa juu yake, ikabanwa kwa pini ya nguo.

Mpwa wangu amekataa kuniambia kilichomo. Anasema nyanya alimwapisha.

Kliniki ile ya Desemba mama alisema mawili ya kwanza mwenyewe, polepole, mimi nikiwa nimeketi kando yake, mdomo nimeufunga. Daktari aliinua kichwa, akaweka kalamu chini, akamjibu. Kuhusu dawa mpya alimweleza kwa Dholuo yake mbovu ya mtu wa Gusii, na mama akamsahihisha neno moja. La tatu halikusemwa. Niliuona mkono wake ukienda kwenye ile pini, ukatulia juu yake, kisha ukalifunga daftari na kulirudisha katika mfuko wa mkate.

Kliniki ijayo ni mwezi wa tatu. Pini ingali pale. Jana usiku alinipigia simu, tukaongea habari za mvua na ng'ombe, na kabla ya kukata akasema nikija safari hiyo nimsindikize hadi mlangoni, kisha nibaki kwenye benchi.